Marhamu ya Kuzuia Damu Kuganda: Inafika Wapi na Inaishia Wapi

Maneno "damu kuganda" yametoka kwenye vyumba vya madaktari yakaingia sebuleni kwetu. Yaliingia kwa kishindo mwaka 2021, pale baadhi ya chanjo za Uviko-19 zilipohusishwa na madonge ya damu yaliyotokea kwa watu wachache sana, na tangu hapo hayajatoka. Mtu akivimba mguu baada ya safari ndefu, akiona weusi pajani asikumbuke alijigonga wapi, au mshipa wa mkono ukikakamaa baada ya dripu kuondolewa, jambo la kwanza kutajwa ni damu kuganda, na la pili ni jina la tyubu fulani ya marhamu yenye heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ambayo madukani wengi huiita "dawa ya kuyeyusha damu".

Jirani yangu mmoja, akiwa na wiki tatu tangu ajifungue, alinionyesha tyubu ya namna hiyo ikiwa imebaki nusu, kisha akavuta kanga kidogo nikaona mguu wake wa kushoto: umejaa na kukaza hadi mikunjo ya nyuma ya goti imepotea. Dawa yenyewe ilikuwa halali, haijapitwa na wakati, na kikaratasi cha ndani kilieleza kwa uaminifu kazi yake. Tatizo lilikuwa kwamba ilipakwa kwa ajili ya kitu kilichokuwa mbali na mahali inapoweza kufika. Makala haya yanahusu umbali huo, kwa sababu ndio unaoamua kama tyubu hiyo itakusaidia au itakuchelewesha.

Tuanze na maneno. Mishipa inayotoa damu moyoni huitwa ateri, na inayoirudisha moyoni huitwa vena. Vena za miguu ziko tabaka mbili. Za juu hupita kati ya ngozi na misuli, nazo ndizo zinazoonekana kama mistari chini ya ngozi, au kama mafundo kwa watu ambao vena zao zimetanuka. Za ndani zimezama katikati ya misuli, karibu na mfupa, na ndizo zinazopandisha sehemu kubwa ya damu ya mguu. Donge la damu ni damu iliyogandia ndani ya mshipa. Vilio la damu ni kitu kingine kabisa: ni damu iliyovuja nje ya mshipa baada ya pigo, ikatuama chini ya ngozi na kuacha doa. Marhamu ni dawa ya kupaka yenye asili ya mafuta, na hapa nitalitumia neno hilo pia kwa jeli na krimu, kwa kuwa zinatofautiana zaidi kwa wepesi wa kukauka kuliko kwa kazi.

Damu nzito, damu nyepesi

Mazungumzo yetu yametuachia picha moja inayopotosha wengi. Tunasema fulani ana "damu nzito", kwa hiyo anahitaji dawa ya kuifanya nyepesi, na anayesikia hujenga taswira ya uji uliozidi unga ambao ukiongezwa maji utatiririka vizuri. Dawa za kuzuia damu kuganda haziongezi maji. Mtu anayemeza warfarini ana damu yenye uzito uleule aliokuwa nao kabla ya kuanza dawa. Kilichobadilika ni muda ambao damu hiyo inachukua kuganda.

Namna damu inavyoganda inaeleweka vizuri zaidi ukifikiria ufukweni. Mshipa ukitoboka, chembe sahani hukimbilia penye tundu na kujisokomeza humo kama pamba ya kalafati kwenye ufa wa chombo. Pamba peke yake haitoshi, kwa hiyo kimeng'enya kiitwacho thrombini huanza kufuma nyuzi za protini iitwayo fibrini, uzi juu ya uzi, mpaka linapatikana juya linalonasa chembe nyekundu za damu na kuziba kabisa. Juya hilo pamoja na vilivyonaswa ndani yake ndilo donge. Katika damu hiyohiyo yumo mlinzi aitwaye antithrombini, ambaye kazi yake ni kumshika mfumaji mikono ili juya lisifumwe mahali pasipohitajika. Mlinzi huyu ni mzito wa mwendo, lakini heparini ikishikamana naye kasi yake huongezeka kwa takriban mara 1,000.

Basi heparini humzuia mfumaji, lakini haikati juya lililokwisha kufumwa. Anayelikata ni mwili wenyewe, kwa kimeng'enya kingine kiitwacho plasmini, polepole, kwa siku na wiki. Hospitalini zipo dawa za kulikata donge kwa haraka, nazo hutolewa kupitia mshipa chini ya uangalizi mkali, kwa kuwa zinaweza kumfanya mgonjwa avuje damu hata ubongoni. Hakuna marhamu ya kupaka inayoweza kuifanya kazi hiyo ndani ya mshipa, na ndiyo maana ningependa sana wauzaji waache kuiita dawa ya kuyeyusha. Jina hilo humpa mgonjwa ahadi ambayo mtengenezaji mwenyewe hakuiandika.

Ini la mbwa, ruba, na utumbo wa nguruwe

Heparini iligunduliwa na mtu aliyekuwa akitafuta kinyume chake. Mwaka 1916, Jay McLean, mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, alikuwa akichunguza vitu vinavyoharakisha damu kuganda, akakuta kwamba kitu kilichokamuliwa kwenye ini la mbwa kilikuwa kinaizuia. Mwaka 1918 profesa wake, William Howell, aliipa jina la heparini kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya ini. Leo jina limebaki lakini ini halitumiki. Heparini nyingi inayotumika duniani hutolewa kwenye utando wa ndani wa utumbo wa nguruwe.

Hili ni jambo ambalo mnunuzi Mwislamu, na yeyote mwingine ambaye dini yake inamhusu katika suala hilo, ana haki ya kuambiwa dukani kabla ya kulipa. Wanazuoni wamejadili hukumu ya kitu kilichobadilishwa mbali na asili yake, wakajadili pia hali ya dharura, na kauli zao hazikuwa moja. Kwa tyubu ya kupaka vilio la damu hakuna dharura, kwa hiyo mtu anayo nafasi ya kuuliza, kusubiri na kuchagua kitu kingine. Kwa sindano inayozuia donge lisifike mapafuni hali ni tofauti, na ni vizuri kujua kwamba kuna dawa ya sindano iitwayo fondaparinaksi ambayo hutengenezwa maabara bila kutumia mnyama, ingawa haimfai kila mgonjwa.

Mbali na heparini yenyewe kuna ndugu zake, heparinoidi, ambazo zina umbo linalofanana nayo lakini nguvu ndogo zaidi ya kuzuia damu kuganda. Maarufu kati yake ni ile inayouzwa kwa jina la Hirudoid. Jina hilo linatokana na neno la Kilatini la ruba, yule mdudu wa majini anayefyonza damu, ambaye mtafiti Mwingereza John Haycraft alionyesha mwaka 1884 kwamba anayo dutu inayozuia damu isigande wakati anaponyonya. Ndani ya tyubu hiyo hakuna ruba wala dutu yake. Nchini Japani heparinoidi hiyo huandikwa sana na madaktari kwa ajili ya ngozi kavu, na hilo linaeleza jambo ambalo wagonjwa wengi huliona: ngozi iliyopakwa hulainika na kupendeza haraka, hata kama mshipa ulio chini yake bado ni mgumu vilevile.

Ngozi ni chekeche

Ngozi imeumbwa ili vitu vya nje visiingie. Tabaka lake la juu kabisa limepangwa kama vigae vilivyounganishwa kwa mafuta, na wataalamu wa dawa za kupaka hutumia kipimo cha makadirio kwamba molekuli inayozidi uzito wa daltoni 500 hupita kwa shida. Molekuli ya heparini kwa wastani ina daltoni zipatazo 15,000, yaani mara 30 ya kipimo hicho. Ni kama kumwaga mbaazi kwenye chekeche ya unga na kutegemea zidondoke chini. Kiasi kidogo hupenya, kwa kupitia vinyweleo na nyufa, hasa kinapochanganywa na vitu vya kusaidia upenyaji, na kiasi hicho kinaweza kuwa na athari katika milimita chache za mwanzo. Lakini hata kinachopenya hukutana na mishipa midogo ya ngozi inayokichukua na kukisambaza kabla hakijazama. Ndiyo maana marhamu hii haitegemewi kubadilisha kipimo cha kuganda kwa damu ya mwili mzima, na hilo ni jema kwa usalama. Ni habari mbaya tu kwa yule anayetarajia ifike kwenye vena iliyo karibu na mfupa.

Baadhi ya marhamu za heparini huchanganywa na benzili nikotineti, ambayo hutanua mishipa midogo ya ngozi na kuleta joto. Mgonjwa akihisi joto hilo huamini dawa "imeingia". Joto linatoka juu ya ngozi, palepale ilipopakwa, na halitoi taarifa yoyote kuhusu kilichofika chini. Tyubu zenyewe pia hazilingani. Zipo zenye yuniti 50 za heparini kwa gramu moja na zipo zenye yuniti 1,000, kwa hiyo kusema "nilipaka ile ya heparini haikunisaidia" hakutoshi bila kusoma namba iliyoandikwa ubavuni mwa kasha.

Vena ya juu iliyovimba

Hapa ndipo marhamu ina nafasi yake halisi. Mfano ninaouona mara nyingi ni wa mtu aliyelazwa siku nne au tano kwa malaria au homa ya matumbo, akawekewa kanula, yaani mrija mdogo wa plastiki wa kupitishia dripu, nyuma ya kiganja. Siku mbili baada ya kurudi nyumbani anahisi maumivu. Ukipitisha ncha ya kidole polepole kutoka kwenye alama ya sindano kuelekea kiwiko, unakutana na kitu kama kamba ya katani iliyozikwa chini ya ngozi, kigumu, chenye joto, kinachouma kikibonyezwa. Kwa mtu mweupe utaona mstari mwekundu. Kwa wengi wetu mstari huo huwa weusi uliokolea au hauonekani kabisa, na kidole huwa shahidi wa kuaminika kuliko jicho. Hiyo ni vena ya juu iliyovimba kwa sababu ya kuchubuliwa na plastiki au na dawa kali iliyopitishwa humo, na mara nyingi kuna donge dogo ndani yake.

Ikiwa kanula bado ipo, tiba ya kwanza ni kuitoa. Kupaka marhamu huku kanula imeachwa ni kufuta maji sakafuni na bomba bado linavuja. Baada ya hapo mkono uinuliwe, ukandwe kwa kitambaa chenye uvuguvugu, na mgonjwa anaweza kupaka heparini, heparinoidi, au jeli ya diklofenaki ambayo hutuliza uvimbe kwa njia nyingine. Majaribio yaliyofanywa juu ya dawa hizi yanaonyesha kwamba maumivu na ukubwa wa eneo lililovimba vinaweza kupungua mapema zaidi, ingawa mengi yalikuwa ya watu wachache na hayakufanywa kwa uangalifu unaotosha kumaliza mjadala. Kwa maoni yangu hilo linatosha kumruhusu mtu atumie, ila halitoshi kumfanya ajinyime chakula ili anunue. Kamba hiyo inaweza kuendelea kuhisika kwa wiki kadhaa baada ya maumivu kwisha, bila ubaya wowote. Kukiwa na usaha, homa, au baridi ya kutetemesha, hapo ni maambukizi, na tyubu iwekwe kando aende hospitali siku hiyohiyo.

Mguuni tahadhari inapanda daraja. Kamba ngumu kama hiyo ikitokea kwenye vena ya juu ya mguu, hasa ile ndefu inayopanda upande wa ndani kutoka kifundoni hadi kinena, donge linaweza kukua na kuingia kwenye vena ya ndani pale mishipa hiyo inapokutana. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti ulioitwa CALISTO, uliohusisha wagonjwa wapatao 3,000 wenye donge la vena ya juu ya mguu lenye urefu wa angalau sentimita 5. Waliodungwa fondaparinaksi miligramu 2.5 kila siku kwa siku 45 walipata madhara yaliyokuwa yakihofiwa, kama donge kusambaa, kujirudia au kuingia ndani, kwa asilimia 0.9, na wale waliodungwa sindano isiyo na dawa kwa asilimia 5.9. Hakuna marhamu iliyoonyesha ulinzi wa namna hiyo. Kwa hiyo kamba ya mguuni yenye urefu unaozidi upana wa vidole vitatu, au inayopanda kuelekea kinena, inahitaji altrasaundi kwanza, na marhamu ije baadaye kama nyongeza ya kutuliza maumivu.

Wenye vena zilizotanuka miguuni huuliza kama tyubu itazirudisha zilivyokuwa. Haitazirudisha. Vena hizo zimetanuka kwa sababu vali zake ndogo zimelegea na damu inarudi chini kwa uzito wake, na hakuna cha kupaka kinachokaza vali. Soksi za kubana, kutembea, kuinua miguu, na kwa wengine upasuaji, ndizo tiba zake.

Vilio la damu

Mtu ameanguka na bodaboda, au kijana amepigwa mpira wa kriketi pajani, au fundi amejigonga kwa nyundo. Mishipa midogo imepasuka, damu imetuama. Kwenye ngozi nyeusi doa huonekana kama kipande cheusi kuliko ngozi inayolizunguka, pengine chenye rangi ya zambarau, kisha siku zinavyokwenda huelekea kwenye kahawia au manjano iliyofifia. Mabadiliko hayo ya rangi ni kazi ya mwili kuivunja hemoglobini hatua kwa hatua, na chembe maalumu za usafi hubeba mabaki. Kazi hiyo kwa kawaida huchukua kama wiki mbili, upake usipake.

Saa 48 za mwanzo zinahitaji baridi na mapumziko: barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hivi kisha unaitoa, au kitambaa kilicholowekwa maji ya mtungini pale pasipo na friji. Wengi hukimbilia maji ya moto na kukanda siku ileile, na hapo mishipa iliyopasuka huzidi kuvuja, vilio likawa kubwa kuliko pigo lenyewe lilivyostahili. Kwa sababu hiyohiyo kupaka dawa ya kuzuia damu kuganda dakika tano baada ya kugongwa si busara. Subiri kuvuja kusimame, na ngozi iwe haijachanika. Baada ya siku ya kwanza au ya pili marhamu inaweza kupunguza uvimbe na kulainisha sehemu iliyokakamaa. Msaada wake ni wa wastani, na sehemu ya nafuu hutokana na ubaridi wa jeli yenyewe.

Ningependa msomaji achelewe kidogo hapa kwenye mavilio yasiyo na sababu. Madoa yanayojitokeza yenyewe sehemu kadhaa za mwili, vidoa vidogo kama vichwa vya pini miguuni, fizi au pua zinazotoka damu, ni ishara kwamba chembe sahani zimepungua au uwezo wa kuganda umeharibika. Dar es Salaam ilikumbwa na homa ya dengi mwaka 2014 na tena mwaka 2019, na katika ugonjwa huo madoa ya damu yanaweza kuwa dalili ya hatari. Mgonjwa kama huyo asipakwe heparini wala asimeze diklofenaki, aspirini au ibuprofeni. Apelekwe akapimwe damu. Vivyo hivyo kwa mtoto mchanga asiyeweza hata kujigeuza akakutwa na vilio: kwa umri huo hana namna ya kujigonga mwenyewe, na lazima sababu ijulikane.

Uvimbe si ugonjwa mmoja

Kati ya matumizi yote matatu yanayoandikwa kwenye makasha, "uvimbe" ndilo neno linalowapoteza watu wengi zaidi. Mtengenezaji anakusudia uvimbe wa pigo, au wa kiungo kilichoteguka. Msomaji anaona tu neno uvimbe na kupaka marhamu kwenye mguu wowote uliojaa.

Miguu yote miwili ikivimba jioni na kubonyea kidole kikiacha shimo, fikiria moyo, figo, ini, au ujauzito. Kwa mjamzito, uvimbe ulioambatana na kichwa kuuma na macho kuona ukungu ni dharura ya shinikizo la damu. Fikiria pia vidonge vya presha, kwa sababu amlodipini, dawa inayotumiwa na watu wengi sana, inajulikana kwa kuvimbisha vifundo vya miguu, na tiba yake ni mazungumzo na daktari. Katika mwambao wetu yapo matende, yanayoletwa na minyoo inayoenezwa na mbu na kuharibu njia za limfu. Hakuna donge la damu hapo, na anayepaka heparini kwenye matende anatupa fedha. Mguu mmoja wenye joto, ngozi iliyokaza na homa unaweza kuwa na maambukizi ya ngozi yanayohitaji antibayotiki.

Na mguu mmoja uliovimba shavu lake bila pigo lolote, hasa kwa mtu aliyekaa muda mrefu bila kujongea, ni donge la vena ya ndani mpaka ithibitishwe vinginevyo. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba kukaa bila kujongea kwa saa nne au zaidi safarini huongeza hatari hiyo takriban maradufu, na halikuzungumzia ndege peke yake. Basi la kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 1,000, magoti yakiwa yamebanwa na kiti cha mbele, ni safari ya aina hiyo hasa. Wenye siko seli, wenye saratani, waliofanyiwa upasuaji karibuni na wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni wana hatari kubwa zaidi.

Kuna kipimo ambacho unaweza kukifanya nyumbani kwa futi ya fundi cherehani. Tafuta kinundu cha mfupa kilicho chini kidogo ya goti, shuka sentimita 10, zungushia futi shavu la mguu bila kukaza, andika namba. Fanya vivyo hivyo mguu wa pili. Tofauti inayozidi sentimita 3 ni miongoni mwa ishara ambazo madaktari wenyewe huzihesabu. Tofauti ndogo haimtoi mtu kwenye hatari kama dalili nyingine zipo. Na mtu huyo akianza kuhema ghafla, kifua kikamchoma anapovuta pumzi, akakohoa damu au kuzimia, donge huenda limekwisha kusafiri hadi mapafuni, na hapo hata dakika za kutafuta nauli ni nyingi.

Kupaka, na kuchanganya na dawa nyingine

Panapostahili, paka tabaka jembamba, kiasi cha ukanda wa sentimita 3 hadi 10 kulingana na ukubwa wa eneo, mara moja hadi tatu kwa siku au kama kikaratasi kinavyoelekeza, kwa kutandaza bila kusugua. Isipakwe kwenye jeraha, kidonda, macho, mdomoni, wala mahali panapotoka damu. Ukiwashwa au kutokwa na vipele, acha. Mtu aliyewahi kuambiwa chembe sahani zake zilishuka kwa sababu ya heparini asiiguse kabisa, hata ya kupaka. Wiki ikipita bila nafuu yoyote, tatizo huenda si lile ulilodhani. Wengi pia huhifadhi tyubu kwenye dirisha lenye jua, ilhali makasha mengi huagiza joto lisilozidi nyuzi 25 au 30.

Mgonjwa anayemeza warfarini anahitaji onyo la ziada, na si kuhusu heparini ya kupaka pekee. Mafuta yenye harufu kali ya kuchulia misuli, yale yanayopatikana karibu kila nyumba, mengi yana methili salisileti, jamaa wa aspirini. Yakipakwa kwa wingi na mara kwa mara hupenya ngozi kwa urahisi, kwa sababu molekuli yake ni ndogo, na yamewahi kuzidisha nguvu ya warfarini hadi watu wakavuja damu. Hijama nayo, yaani kuumika damu, ambayo kwa wengi ni sunna wanayoipenda, mgonjwa huyu asiifanye kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Arobaini

Nirudi kwa jirani yangu. Wiki 6 za kwanza baada ya kujifungua ni kipindi ambacho hatari ya donge la vena ya ndani huwa juu sana kwa mwanamke, kwa kuwa mwili ulikuwa umejiandaa kuzuia kuvuja damu nyingi wakati wa uzazi na haurudi kawaida kwa siku moja. Kipindi hicho kinakaribiana kabisa na arobaini yetu, siku ambazo mzazi anatakiwa alale, asitoke, na akandwe kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Mguu wa kushoto ndio huathirika mara nyingi zaidi, kwani ndani ya nyonga ateri ya kulia hupita juu ya vena ya kushoto na kuibana, na tumbo la ujauzito huongeza mbano huo.

Mama mkwe wake, mtu mwenye mapenzi na bidii, alikuwa akimpaka ile tyubu kisha anamchua kwa nguvu kutoka kifundoni kwenda juu, akiamini anaisukuma damu iliyoganda. Kama kuna donge ndani, mikono hiyo inaweza kulimega kipande kikaenda mapafuni. Nilimwambia, "Shikamoo mama, mguu huu tuuache kwanza. Mkande mgongo na kiuno, lakini mguu tusiuguse mpaka upigwe picha." Alinitazama kwa muda, akauliza, "Basi nilikuwa namuumiza?" Nikamjibu kwamba hakuna aliyemwambia, na kwamba hata kikaratasi cha ndani kilikuwa kwa Kiingereza, maandishi madogo kuliko punje ya mtama.

Tulipima kwa futi: tofauti ilikuwa sentimita 4 na nusu. Altrasaundi ilionyesha donge kwenye vena ya paja. Alianzishiwa sindano za heparini siku hiyo, akaambiwa zinaruhusiwa kwa anayenyonyesha, na mama mkwe akapewa kazi nyingine: kumsindikiza atembee uani, kutoka mlangoni hadi kwenye mwembe na kurudi, mara sita kwa siku.